Hasi Themanini

Mtu aliyeiandika maktaba ile hakunipenda, nami sikumpenda, na hakuna kati yetu aliyejisumbua kuficha. Alikuwa mwanajeshi mstaafu wa kitengo cha mawasiliano. Kompyuta alijifunza akiwa kambini, na kambini alitoka na kichwa kilichojaa namba na shingo isiyogeuka. Katika ofisi yetu ya Jinja kila mtu alimwita afande, hata mkurugenzi. Mimi pia nilimwita hivyo, ila alijua vizuri kwamba kinywani mwangu neno hilo halikuwa na heshima ndani yake.

Mimi ni mtoto wa askari magereza. Nilikulia kwenye nyumba za askari hapo hapo Jinja. Baba alitoka Teso na mama Lango, na kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, nyumbani kwetu tulikula na kuombea chakula kwa Kiswahili. Afande naye hakuwa na lugha nyingine ya kufokea watu. Kwa hiyo katika ofisi ambayo wengine wote walisema Kiingereza na Luganda, sisi wawili tuligombana kwa Kiswahili, na wenzetu waliinamia kazi zao wakijifanya hawasikii.

Kampuni ilitengeneza vidhibiti vya mashine za kukaushia kahawa. Ni kisanduku cha plastiki kinachosoma kipimajoto na kuamua gesi iwake lini, izimwe lini. Maamuzi hayo yalikuwa ndani ya programu ndogo za WebAssembly, yaani programu iliyofungashwa kwa namna ambayo mashine yoyote inaweza kuiendesha, mradi iwe na kiendeshaji. Kiendeshaji chetu kilikuwa maktaba ya afande, yaani mkusanyo wa msimbo ambao programu nyingine huutegemea. Aliiandika peke yake, akaiweka wazi mtandaoni ili hata watu wa nje waitumie, lakini lango alilishika yeye. Hakuna mstari ulioingia bila yeye kuukubali.

Maktaba hiyo ilisoma baiti tu. Baiti ni namba tupu zinazofuatana, na ukifungua faili lake huoni neno la kushika. WebAssembly ina pia umbo la maandishi. Programu ile ile huandikwa kwa maneno na mabano, na mtu aliyefundishwa kidogo anaweza kuisoma na kusema, hapa inalinganisha joto, hapa inawasha moto. Umbo hilo maktaba ya afande haikulijua. Mafundi wetu wa Mbale walipopata shida kwenye mashine za milimani, walituma faili Jinja na kungoja afande alifungue, alisome, kisha awaambie wamekosea wapi. Kila mara walikuwa wamekosea wao.

Mmoja wao alifukuzwa kwa njia hiyo. Alikuwa kijana wa Namatala, hapo hapo Mbale, mtu wa swala tano, mama yake akitoka milimani karibu na chama kimoja cha wakulima wa kahawa ambacho ni yeye mwenyewe aliyekishawishi kununua mashine yetu. Wakulima waliona gesi inaisha upesi. Wakamwomba aruhusu joto lishuke zaidi kabla moto haujawaka tena. Hapo awali moto uliwaka joto likipungua nyuzi tano chini ya kiwango. Wao walitaka ziwe nane. Programu ilihesabu kwa sehemu za kumi, kwa hiyo nyuzi nane chini ya kiwango ziliandikwa hasi themanini. Fundi aliingiza namba hiyo kwenye ukurasa wa mipangilio, akawaaga, akashuka mjini. Moto uliwaka, na haukuzimika. Kulipokucha kahawa yao ya msimu ilikuwa imeungua yote, nyeusi, inanuka moshi.

Afande alilisoma faili mbele yetu sote na kulitupa ukutani kwa projekta. Pale palipopaswa kuwa na hasi themanini palikuwa na elfu kumi na sita mia tatu na nne.

"Huyu ameandika elfu kumi na sita," alisema. "Sasa joto gani haitakuwa chini ya elfu kumi na sita? Hata jehanamu itakuwa baridi. Wewe unakunywa?"

"Sinywi, afande," fundi alijibu. "Niliandika hasi themanini. Wallahi."

"Basi mashine ndiyo imelewa."

Watu walicheka. Fundi aliondoka kazini wiki hiyo, na ile elfu kumi na sita ikawa utani wa ofisi. Mtu akikosea hesabu ya chai aliulizwa kama anatoka Namatala.

Mimi wakati huo nilikuwa nimehamia Mbale. Nilipanga nyumba Nkoma na kufanya kazi kutoka huko, nikienda Jinja kwa mikutano tu. Baada ya kisa cha kahawa, mkurugenzi alinipigia simu. Alitaka mafundi waweze kujisomea programu wenyewe, tusiaibike tena mbele ya wateja. Akaniagiza niongeze kwenye maktaba kichanganuzi, yaani sehemu ya kusoma umbo la maandishi na kuligeuza kuwa baiti, na nyingine ya kurudisha baiti kuwa maandishi.

Nilikwenda Jinja kumweleza afande mwenyewe. Nilimkuta mezani kwake, ana kikombe cha chai ya maziwa na redio ndogo sikioni.

"Nani amekutuma?" aliuliza.

"Mkurugenzi, afande."

"Mkurugenzi hajui hii kitu. Hii kitu mimi najua. Mashine inasoma baiti. Maandishi ni ya watoto ya shule."

"Mafundi hawawezi kusoma baiti."

"Basi wasisome. Waniulize mimi."

Hapo nilielewa ninapigana na nini. Haikuwa maktaba. Ilikuwa ile foleni ya watu waliolazimika kumuuliza yeye.

Alikuwa na hoja pia, na nazitaja kwa sababu zilininyima raha. Alisema maktaba itanenepa na visanduku vyetu vina nafasi finyu. Alisema kila sehemu inayosoma kitu kutoka nje ni mlango mpya kwa mwizi. Hizo ni hoja za kweli, na niliahidi kichanganuzi kitakuwa kitu cha hiari, asiyekitaka asikibebe. Alirudisha redio sikioni.

Nikaanza kazi. Kwa nje inaonekana rahisi, kusoma mabano na maneno, lakini umbo lile lina vijinjia vingi vya kukupoteza. Maelezo ya pembeni, yale ambayo mashine huyaruka, yanaweza kubeba maelezo mengine ndani yake, na ukifunga mapema unasoma upuuzi kama amri. Amri zinaweza kupangwa moja chini ya nyingine, au kukunjwa moja ndani ya nyingine kwa mabano, na zote mbili ni halali. Na ukikuta kosa haitoshi kusema kuna kosa. Lazima useme liko mstari gani, herufi ya ngapi, ama sivyo fundi aliye juu ya ngazi kule milimani atakutukana, na atakuwa na haki.

Niliyoyaandika niliyatuma kwa afande ayakague, na aliyakagua. Alisoma kila mstari. "Hii ni takataka," aliandika pembeni. "Rudia." "Nani alikufundisha?" "Askari jela ndio wanaandika hivi." Hilo la mwisho lilihusu baba yangu, ambaye alikuwa amekufa na hakuwahi kugusa kompyuta. Niliandika jibu refu, nikalifuta, nikarekebisha mstari aliousema. Ulikuwa na kosa kweli. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Siku niliyotakiwa kukionyesha kichanganuzi mbele ya ofisi nzima, alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Nilionyesha programu ya kukaushia kahawa ikiwa maandishi, nikabadili namba, nikaiendesha. Watu walipendezwa. Mkurugenzi, mama mmoja mpole aliyependa mambo yaishe vizuri, alipiga makofi.

"Sasa yangu," afande alisema, na kunipa faili.

Nililiendesha. Skrini ilitulia kidogo, kisha kila kitu kikafa, kichanganuzi na kiendeshaji pamoja. Nilifungua faili kuona alichoweka. Halikuwa na neno. Lilikuwa mabano ya kufungua, maelfu kwa maelfu, bila moja la kufunga. Kichanganuzi changu kilikuwa kinajiita chenyewe kila kilipokutana na bano, kinazama chini, chini, mpaka kumbukumbu ikaisha.

"Mabano tu," aliwaambia watu, bila kunitazama. "Mtoto ya shule anaweza kuua mashine yetu kwa kubonyeza kitufe kimoja. Mimi nilisema."

Hakuna aliyecheka, na nilitamani wangecheka. Nilifunga kompyuta nikaondoka bila kuaga. Nilirudi Mbale, nikajifungia Nkoma, nikakivunja kichanganuzi chote na kukijenga upya. Safari hii hakikujiita tena. Kiliweka hesabu yake chenyewe ya mabano yaliyo wazi, na yakizidi kiasi nilichopanga kilikataa kwa adabu na kutaja mstari. Nilikijenga kwa hasira tupu. Watu husema kazi hutaka upendo. Ile haikupata hata chembe, na ilisimama.

Afande alikosa pa kushika. Akabadili mbinu. Aliandika kwamba hatakikubali mpaka nithibitishe kuwa kinasoma namba zote sawasawa, kubwa na ndogo, chanya na hasi. Alijua ni kazi ya kuchosha. Alikusudia nichoke.

Niliandika jaribio. Lilichukua namba, likaiandika kwa maandishi, kichanganuzi changu kikaigeuza kuwa baiti, kisha baiti zikapewa msomaji wa afande, ile sehemu ya zamani ya maktaba iliyomo ndani ya kila kisanduku, aseme ameona namba gani. Ilipaswa kutoka ile ile iliyoingia. Namba chanya zilipita. Hasi moja ilipita, hasi mbili, hasi kumi, mpaka hasi sitini na nne. Hasi sitini na tano ilirudi ikiwa elfu kumi na sita mia tatu kumi na tisa.

Nilijilaumu mimi kwanza, kwa kuwa nilishazoea. Nilishinda mchana kutwa nikitafuta kosa langu. Nililinganisha baiti zangu na za chombo kingine cha mtandaoni ambacho dunia nzima hukitumia, zikawa sawa. Kisha nikachukua kalamu na karatasi. Katika umbo la baiti, namba hasi ndogo hutoshea kwenye baiti moja. Kuanzia hasi sitini na tano huhitaji mbili, na msomaji wa afande alipofika kwenye ya pili alisahau kwamba namba ilikuwa hasi. Ishara ya kutoa ilidondoka njiani, na kilichobaki ni namba kubwa isiyo na maana.

Niliandika hasi themanini, nikaiendesha. Ikatoka elfu kumi na sita mia tatu na nne.

Nilikaa nikiitazama. Nilijua namba ile. Sote tulikuwa tumeicheka. Na faili la fundi lilisomwa ukutani kwa msomaji yule yule aliyeliendesha kisandukuni, kwa hiyo lile kosa lilijishuhudia lenyewe mara mbili, na sisi tukaita ushahidi.

Afande alikuwa likizo. Nilikwenda Jinja, na kutoka hapo nikachukua boda hadi Budondo, alikokuwa na shamba. Mke wake alinipokea vizuri, akaniletea maji na kiti. Mumewe alikuwa barazani akipukuchua mahindi, miguu imenyooshwa, gunia kati ya mapaja. Hakuinuka.

"Umekuja kuomba?" aliuliza.

"Nimekuja kukuonyesha kitu, afande. Msomaji wako ana kosa kwenye namba hasi."

"Kichanganuzi yako ndiyo iko na kosa."

"Piga hesabu mwenyewe. Baiti mbili. Mia moja sabini na sita, halafu mia moja ishirini na saba. Ni namba gani?"

Kisha aliweka gunzi kando, akachukua kijiti, akainama na kuchora mchangani mbele ya baraza. Alipiga hesabu polepole, kama mtu anayejua barabara lakini hapendi inakompeleka. Alivunja baiti ya kwanza, akavunja ya pili, akaziunganisha, akafika kwenye ile ishara. Hapo kijiti kilisimama. Nilimwona shingoni mshipa ukipiga. Akaanza upya kutoka juu, na akasimama pale pale.

Kisha akanyoosha mguu na kufuta mchanga.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi. Na sasa wewe."

"Basi inatosha."

"Na fundi?"

"Fundi iko na kazi huko kwao."

"Anatengeneza simu kando ya barabara, afande. Ulimuuliza mbele ya watu kama anakunywa."

"Simu pia ni kazi." Alichukua gunzi jingine. "Maji umekunywa. Toka kwangu."

Mke wake alisimama mlangoni, sahani ya viazi mkononi, hajui aiweke wapi. Nilimshukuru nikaondoka.

Alipotoka likizo alisahihisha kosa lile kwa mstari mmoja. Penye maelezo ya mabadiliko aliandika neno moja: usafi, kana kwamba amefagia vumbi tu. Na siku hiyo hiyo kichanganuzi changu, alichokuwa amekizuia miezi yote hiyo, kilikubaliwa bila neno. Nilielewa ninalipwa nini na kwa ajili gani. Ilikuwa kazi niliyoitaka kuliko kitu chochote mwaka ule, na ilinifikia inanuka.

Nilimwendea mkurugenzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta.

"Kosa limesahihishwa?" aliuliza.

"Limesahihishwa."

"Basi tusifukue, mwanangu. Wateja wakisikia, tutafunga. Na yule kijana ameshapata njia yake."

"Hajui kwamba hakukosea."

"Mwachie Mungu hilo."

Sikumwachia Mungu. Nilikwenda Namatala. Fundi alikuwa na meza chini ya mwavuli wa kampuni ya simu, chombo cha kuchomea nyaya mkononi, skrini zilizopasuka zimepangwa kama samaki sokoni. Hakufurahi kuniona. Nilimpa salamu, akaitikia, na hakunipa kiti. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alisikiliza akiendelea kuchomea, na nilipomaliza alizima chombo.

"Kwa hiyo niliandika hasi themanini," alisema.

"Uliandika hasi themanini."

"Dada, unajua mimi nilishakubali kwamba nilikosea? Nilikwenda kwa wajomba zangu kule chamani nikapiga magoti. Nikasema, macho yangu yaliona vibaya, mkono wangu uliandika vibaya, nisameheni. Walinisamehe. Sasa unaniambia nini? Kwamba niliomba msamaha wa mtu mwingine?"

"Nilitaka ujue."

"Wewe ulitaka. Sasa umelala vizuri. Mimi nitalala vipi?"

Mteja alikuja na simu isiyochaji, akahudumiwa, akaondoka. Niligeuka nami niondoke.

"Ngoja," fundi alisema. "Utakwenda nami kule juu. Hayo uliyoniambia utayasema mbele yao. Mimi nikisema, wataona najitetea."

Tulipanda mlimani siku ya Jumamosi. Ghala la chama lina ua wa saruji ambapo kahawa huanikwa, na mashine yetu ilikuwa pembeni, imefunikwa turubai. Watu wa kamati walikuwa wamekaa kwenye benchi, na mwenyekiti wao, mama aliyepita makamo, alikaa katikati na fimbo yake. Mimi Lumasaba, lugha yao, sijui, na Luganda yangu ni ya kununulia nyanya. Niliwasalimu kwa Kiswahili. Nyuso zilijifunga. Yule mama alisema kitu kifupi.

"Anasemaje?" nilimuuliza fundi.

"Anasema mara ya mwisho lugha hiyo kusemwa kwenye ua huu, ni askari waliokuwa wanamtafuta mtu."

Ilibidi niendelee nayo, sikuwa na nyingine. Nilisema namba iliyoandikwa na fundi ilikuwa sahihi. Nilisema kisanduku chetu ndicho kilichoisoma vibaya, na kwamba kosa lilikuwamo tangu kisanduku kilipotoka Jinja, na tuliyemfukuza hakuwa na hatia. Fundi alitafsiri kila sentensi akitazama chini. Sauti yake ilikatika pale penye neno la mwisho, akarudia. Mjomba wake mmoja aliinuka, akaenda kusimama nyuma yake, akamwekea mkono begani, akauacha hapo.

Mwenyekiti aliuliza kama kampuni ndiyo iliyonituma.

"Hapana," nilijibu. "Kampuni haijui nipo hapa."

Halafu alisema, na fundi akatafsiri: "Basi wewe hatukugombezi. Lakini rudi uwaambie waje wachukue sanduku lao. Kitu kinachosema uongo halafu kinakuwa shahidi, hatukai nacho nyumba moja."

Niliwaambia. Mkurugenzi alilia machozi kwenye simu, na akanifukuza akiwa bado analia. Alisema nimeuza siri za ofisi. Afande hakusema kitu, ila nilisikia kwa wenzangu kwamba aliimba siku nzima, na kwamba jioni alimfokea kijana wa stoo mpaka kijana akaacha kazi. Sijui ni lipi kati ya hayo lilikuwa kweli. Nataka kuamini yote mawili.

Chama kilirudishiwa sehemu ya hasara yake baada ya mabishano marefu ambayo sikuhusishwa. Mashine ilibaki bila kisanduku. Fundi ndiye aliyeifufua: aliifungia swichi ya kawaida ya joto, ya kuzungusha kwa mkono, isiyo na programu wala baiti, na kahawa yao inakauka. Wajomba zake humpelekea ndizi mezani pale Namatala. Mimi na yeye tukikutana tunasalimiana, tunaulizana habari za nyumbani, basi. Nilipompelekea simu yangu aitengeneze, aliitengeneza haraka, akaagana nami haraka.

Nilipata kazi nyingine ya mbali, na bado naifanyia Nkoma. Kichanganuzi kiko ndani ya maktaba mpaka leo. Mafundi wa kampuni wanajisomea programu zao, na nasikia foleni mezani kwa afande imekwisha, anakaa na redio yake hakuna anayemuuliza kitu. Sikumhurumia. Nilijaribu kidogo, nikashindwa.

Mwaka huu nilikwenda Jinja kwa mazishi ya jirani yetu wa zamani, mke wa askari, na afande alikuwepo, amezeeka, amevaa koti kubwa kuliko mwili. Tulijikuta tumesimama pamoja penye maji ya kunawa. Hakunisalimu. Alinawa mikono yote miwili kwa makini, akakung'uta maji.

"Kichanganuzi yako inakosea kwenye desimali ndefu," alisema. "Inakadiria vibaya ile tarakimu ya mwisho."

Akaenda kukaa upande wa wanaume.

Niliporudi Mbale nilifungua mstari wenyewe, nikapima. Alikuwa sahihi. Nilirekebisha, nikaandika majaribio yake, nikatuma langoni, kama mtu yeyote wa nje. Sikumshukuru.